Marehemu Adriano Atiman, Mganga wa Karema, na Nyumba Aliyoitumikia

Wakristo wa Ufipa washukapo mpaka ziwani huonyeshwa pale Karema nyumba ya kale juu ya kilima, yenye kuta nene za udongo. Mtoto akiuliza ni nyumba gani, huambiwa ni ngome. Akiuliza tena ni ngome ya nani, hapo majibu huwa mengi: mmoja atasema ya Waarabu, wa pili atasema ya Wadachi, na wa tatu atasema ya Mapadre. Wote watatu wamekosa, ila yule wa tatu amekosa kidogo tu. Na kwa kuwa habari za nyumba hii hazitengani na habari za mtu aliyeitumikia miaka mingi kuliko wote, yaani marehemu Adriano Atiman, nimeona vema kuzieleza zote mbili pamoja katika kijitabu hiki cha jubilei, ili walimu wapate kuzisimulia shuleni na vigangoni.

Aliyeijenga alikuwa afisa wa Kibelgiji, jina lake Cambier, aliyefika ufukoni mwa Tanganyika mwezi wa Agosti mwaka 1879. Alitumwa na Chama cha Kimataifa cha Afrika, ambacho mkuu wake alikuwa Leopold wa Pili, mfalme wa Wabelgiji. Chama hicho kilitangaza kwamba nia yake ni kuijua nchi, kuwasaidia wasafiri na kukomesha biashara ya watumwa. Nia nyingine ya mfalme huyo ilionekana baadaye kule Kongo, nayo ni habari ndefu na ya uchungu, si mahali pake hapa.

Mwaka huo huo wa 1879 tembo wanne wa Bara Hindi, waliofundishwa kuchukua mizigo, waliteremshwa pwani karibu na Dar es Salaam. Mfalme alitaka kujua kama mnyama huyu aweza kushika kazi ya wapagazi. Tembo wakaongozwa kuja huku bara; wengine wakafa njiani, na aliyefika Karema hakuishi siku nyingi. Kiongozi wao, Carter, aliuawa mwaka 1880 kule Mpimbwe pamoja na mwenzake Cadenhead, katika vita vya watu wa Mirambo. Basi mizigo ikaendelea kuchukuliwa vichwani mwa watu kama zamani.

Jambo jingine la kushangaza ni ziwa lenyewe. Cambier alichagua kilima kile kwa kuwa kilikuwa karibu na maji. Lakini siku zile ziwa lilikuwa limejaa kupita kawaida, kwa sababu mdomo wake wa Lukuga, kwenye pwani ya ng'ambo, ulikuwa umezibwa na matope na majani. Stanley alipopita mwaka 1876 aliona kwamba maji yako karibu kuvunja njia; Mwingereza Hore alipofika Lukuga mwaka 1879 akayakuta yanakwenda kwa nguvu kuelekea mto Kongo. Tangu hapo Tanganyika ikashuka mwaka kwa mwaka. Wale waliojenga ngome kando ya maji wakajiona wanaachwa nchi kavu, na mahali pa mitumbwi pakawa majani, kisha mashamba. Mgeni wa leo husema Wazungu wale walikuwa wajinga kujenga bandari mbali na ziwa. Kumbe ni ziwa lililowahama.

Maafisa wakafuatana pale Karema. Mmoja wao, Ramaeckers, alikufa hapo hapo mwaka 1882 kwa ugonjwa. Baada ya mkutano wa Berlin wa mwaka 1884 na 1885, mfalme Leopold alielekeza macho yake yote Kongo, wala hakuwa tena na haja ya Karema. Hivyo mwaka 1885 ngome ikakabidhiwa kwa Wamisionari wa Afrika, ambao sisi huwaita Mapadre Weupe kwa sababu ya kanzu zao. Mpala, ng'ambo ya ziwa, ikakabidhiwa vivyo hivyo.

Hapo ndipo nyumba ilipogeuka kazi. Ndani ya kuta zilizojengwa kwa ajili ya bunduki wakakaa watoto. Wengi wao walikuwa wamekombolewa, maana yake walinunuliwa na mapadre kutoka mikononi mwa wafanya biashara ya watumwa, waliovusha watu ziwani kutoka Manyema na kuwapitisha njia ya Ujiji na Tabora kwenda pwani. Wengine walikuwa yatima wa vita, wengine waliletwa na jamaa zao wakati wa njaa. Wakafundishwa sala, kusoma, kuandika na kulima. Shule za kwanza za jimbo letu zilikuwa hizo: mikeka, ubao, kitabu kimoja kwa wengi, na padre asiyejua bado lugha vizuri akifundisha watoto wasiojua lugha ya wenzao. Kutoka hapo walimu wakapanda milima, wakafika kwetu juu penye baridi na ulezi, mpaka Kate, Mwazye, Chala na mahali pengine.

Sasa tuiache Karema kidogo, twende mbali sana upande wa machweo wa Afrika.

Katika nchi iitwayo sasa Mali, upo mto mkubwa, Niger, unaopinda katikati ya mchanga kama nyoka ageukaye nyuma. Kando ya mto huo, upande wa Timbuktu, kipo kijiji kiitwacho Tundurma. Hapo alizaliwa Atiman, yapata mwaka 1866. Alikuwa bado mtoto alipotekwa na watu wa jangwani, akatengwa na wazazi wake, akapelekwa Timbuktu, na kutoka huko akavushwa jangwa la Sahara pamoja na bidhaa nyingine. Nasema bidhaa nyingine kwa makusudi, kwa kuwa ndivyo alivyohesabiwa: kama chumvi na kama ngozi, ana bei, na bei hubadilika kwa kadiri ya sokoni. Watu wa Ufipa na watu wa ziwa wanaijua njia kama hiyo kwa masimulizi ya babu zao, ila ya kwetu ilipita porini kuelekea mawio, na ya kwake ilipita mchangani kuelekea kaskazini.

Mwaka 1876, akiwa na umri wa kama miaka kumi, mapadre wa Lavigerie walimnunua kusini mwa Aljeria wakamweka huru. Yafaa msomaji ajue jambo lililotokea mwaka huo huo. Mapadre watatu, Paulmier, Menoret na Bouchaud, waliondoka kwenda Timbuktu kupeleka Injili, wakauawa jangwani mwezi wa Januari. Hawakufika. Mtoto mmoja wa nchi ile waliyoitafuta akaja mwenyewe, amefungwa, kwa njia ya watumwa.

Atiman akapelekwa Algiers, akasomeshwa pamoja na watoto wengine Waafrika waliokombolewa kama yeye, akabatizwa jina la Adriano.

Huyo Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algiers, aliyeanzisha shirika la Mapadre Weupe mwaka 1868 na kufanywa Kardinali mwaka 1882, alikuwa na shauri lake juu ya watoto hawa. Aliona kwamba wamisionari wa Ulaya wanaotumwa katika maziwa makuu wanakufa upesi, na kwamba Afrika haitaongoka kwa kazi ya wageni peke yao. Akawaza kufanya waganga Waafrika ambao watakuwa pia walimu wa dini. Mganga, alisema moyoni, huingia kila nyumba, hata nyumba ya chifu asiyetaka kumwona padre. Kwa hiyo mwaka 1881 akafungua chuo katika kisiwa cha Malta, kilichokuwa chini ya Malkia Victoria wa Uingereza. Malta palikuwa na chuo kikuu cha kale chenye masomo ya uganga, na watu wake ni Wakatoliki wasemao lugha iliyo ndugu ya Kiarabu. Vijana waliotoka Aljeria hawakujiona wageni kabisa. Adriano akasoma huko mpaka mwaka 1888.

Lavigerie aliagiza pia kwamba vijana hao wasigeuzwe Wazungu. Wale chakula cha Kiafrika, wavae Kiafrika, waoe, wakae katika nyumba kama za watu wa nchi watakayopelekwa, na wajipatie riziki kwa kazi yao. Shauri hili lilikuwa na hekima kubwa, nasi tumeona matunda yake. Lakini mimi, nikiwa mwalimu wa dini, siwezi kuficha kwamba lilikuwa na ukali wake pia. Mtu alisomeshwa uganga katika chuo kikuu pamoja na wana wa Ulaya, kisha akatumwa kuishi bila mshahara na heshima wanayopewa waganga wa Ulaya. Adriano alilikubali, akaliishi. Kukubali kwake kusifiwe, bali kusitumiwe kuwa sababu ya kuwanyima walimu haki yao. Haya, tuendelee na safari.

Mwaka 1888 Kardinali Lavigerie alikuwa akizunguka miji ya Ulaya, Paris, London na Brussels, akihubiri juu ya watumwa wa Afrika hata watu wakalia makanisani. Mwaka huo huo kijana mmoja aliyekuwa amekwisha kuuzwa na kununuliwa alikuwa anashuka merikebuni kuja Zanzibar. Alifika wakati wa hatari. Watu wa pwani, wakiongozwa na Abushiri, waliinuka kupigana na Wadachi, na njia za bara zikawa hazina amani. Pamoja na msafara wa wamisionari akaifuata njia ndefu ya wapagazi kuja bara, akafika Karema mwaka 1889. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu hivi. Hakujua kwamba hapo ndipo atakapokaa mpaka kufa.

Alikuta msiba. Askofu wa kwanza wa Tanganyika, Mhashamu Charbonnier, aliyewekwa wakfu Kipalapala mwezi wa Agosti 1887, alikuwa amekufa Karema mwezi wa Machi 1888, hata mwaka haujatimia. Aliyemfuata, Mhashamu Bridoux, akafa Kibanga mwezi wa Oktoba 1890. Maaskofu wawili katika miaka mitatu, bila kuhesabu mapadre, mabruda na watoto wasiohesabika.

Hapa walimu wawaeleze wanafunzi hali ya uganga ilivyokuwa, wasije wakadhani kwamba mganga aliyetoka Malta alikuwa na kila kitu. Mwaka 1889 hakuna mtu duniani aliyejua kwamba homa ya malaria huletwa na mbu. Daktari Laveran alikuwa amekiona kijidudu cha homa hiyo katika damu ya askari mwaka 1880, tena alikiona Constantine, katika nchi ile ile ya Aljeria alimokuwa akisoma kijana Atiman. Lakini namna kijidudu kinavyoingia katika mwili wa mtu haikujulikana mpaka mwaka 1897, Ross alipokiona ndani ya mbu kule Bara Hindi. Kwinini ilijulikana, nayo ni dawa itokayo katika gamba la mti. Chanjo ya ndui ilijulikana. Kuosha vidonda kwa dawa ya kuua vijidudu kulijulikana, na dawa ya kumlaza mgonjwa ili akatwe asisikie maumivu. Zaidi ya hayo hayakuwa mengi. Sindano za kuponya buba zilikuja miaka mingi baadaye, na penisilini ilikuja Adriano akiwa mzee.

Basi fikirini mtu mmoja, mwenye sanduku la dawa na visu vichache, katika pwani ya ziwa ambako ndui hupita kama moto wa nyika. Wagonjwa wanaletwa kwa machela na kwa mitumbwi: mwenye mguu ulioliwa na mamba, mama aliyeshindwa kujifungua, mtoto mwenye buba mwili mzima, mzee asiyeona. Dawa zimekwisha, na nyingine zinatoka pwani kwa miguu ya wapagazi, miezi mitatu njiani. Baada ya mwaka 1900 ikaongezeka malale, iliyoua watu wengi sana pande zote za ziwa hata vijiji vingine vikahamishwa.

Tena watu wenyewe hawakumwamini upesi. Kwa rangi alikuwa kama wao, lakini lugha yake ilikuwa nyingine, na ukoo wake hakuna aliyeujua. Mzungu akileta dawa ngeni, watu husema ni mambo ya Wazungu. Mwafrika akileta dawa ngeni, watu huuliza amezipata wapi, na kwa nguvu gani. Ilimpasa kujulikana kwanza kuwa mtu, ndipo ajulikane kuwa mganga. Nadhani kwa sababu hiyo ndoa yake ilikuwa jambo kubwa kuliko tunavyofikiri. Alimwoa Agnes Wansahira, binti wa chifu wa Wabende. Tangu siku hiyo hakuwa tena mtu asiye na kwao. Alikuwa na wakwe, na mashemeji, na watu wa kumlilia.

Na kazi yake ya pili, ya ualimu wa dini, ilikwenda pamoja na ya kwanza. Siku zile ukatekumeni wa Mapadre Weupe ulikuwa wa miaka minne mizima. Hakuna aliyebatizwa kwa haraka, ila aliye katika hatari ya kufa. Na ni nani aliyewaona walio katika hatari ya kufa kuliko mganga? Kwa hiyo roho nyingi zilipita mikononi mwake wakati mwili ulipokuwa umekwisha kushindwa. Asubuhi alifunga vidonda, baadaye akafundisha. Waliokuja kwa ajili ya kidonda walisikia katekisimu, na waliokuja kwa ajili ya katekisimu walionyesha vidonda vyao.

Mwaka 1891 Papa alimteua Mhashamu Lechaptois awe Askofu wa Tanganyika, naye akaongoza mpaka alipokufa mwaka 1917. Huyu ndiye aliyejenga Karema hata ikawa makao ya kweli, akaandika na kitabu juu ya nchi na watu wa ziwa, kilichopigwa chapa mwaka 1913. Katika miaka yake ngome ikazungukwa na kanisa, shule, nyumba za watawa na mashamba, na kuta za Cambier zikaingia katika nyumba ya misioni kama mfupa uingiavyo katika nyama. Wageni wakaja wakaenda. Mapadre walihamishwa, au walikufa, au walirudi kwao kwa ugonjwa. Adriano akabaki.

Serikali nazo zikapita. Alipofika, Wadachi walikuwa wamejitangazia nchi lakini huku ziwani hawakuonekana bado. Baadaye wakaonekana, wakatawala. Vita Vikuu vilipoanza mwaka 1914 merikebu zikapigana katika Tanganyika. Mwaka 1916 Wadachi wakaizamisha wenyewe merikebu yao kubwa, Graf von Götzen, karibu na Kigoma, na askari wa Wabelgiji wakavuka ziwa. Ni ajabu: watu wa taifa lililojenga ngome ya Karema wakarudi pwani hii baada ya miaka thelathini na mmoja, safari hii na mizinga. Kisha wakaja Waingereza. Mganga wa Karema aliwatibu watu chini ya bendera zote hizo, wala ugonjwa haukuuliza bendera.

Mwaka 1923 ilitokea furaha iliyozidi zote kwake. Mwanawe Yosefu alipewa daraja takatifu ya upadre. Baba aliuzwa sokoni akiwa mtoto. Mwana akasimama altareni katika nchi aliyozaliwa, akaitwa Padre na watu wote, wakubwa kwa wadogo.

Sasa nimefika kwenye jambo ambalo hasa limenifanya niandike.

Wako Wakristo katika vijiji vya ziwani, na wengine waliopanda kukaa huku Ufipa, ambao mababu zao walikuwa katika watoto wale waliokombolewa. Wengi wao hawapendi litajwe. Mtu akiwauliza ukoo wao hujibu kwa ufupi, au hutaja ukoo wa waliowapokea. Najua mama mmoja mzee aliyekataa kabisa kunieleza bibi yake alitoka wapi, ingawa nilimwuliza kwa heshima na kwa ajili ya kitabu cha parokia. Sababu ni wazi. Katika magomvi ya mpaka wa shamba au ya posa, lipo neno ambalo mtu mwenye hasira hulitupa, nalo ni neno mtumwa. Limevunja posa zaidi ya moja katika miaka yangu ya kazi, na waliolitupa walikuwa wamepokea Komunyo Jumapili iliyotangulia.

Adriano Atiman angaliweza kuficha. Ni nani hapa Karema aliyeijua Tundurma? Ni nani angalimshuhudia? Alikuwa mganga aliyesoma Ulaya, mkwe wa chifu, baba wa padre. Angaliweza kujitungia ukoo wa kifalme, na watu wangaliamini. Lakini alipokuwa mzee wa miaka themanini hivi alieleza maisha yake kwa maandishi, na maelezo hayo yakapigwa chapa mwaka 1946 katika jarida la elimu lililoitwa Tanganyika Notes and Records, lililosomwa na maofisa wa serikali na wataalamu. Hakuficha. Alieleza kwamba alitekwa, na kwamba aliuzwa, na kwamba alinunuliwa. Jina lake mwenyewe akaliweka juu ya habari hiyo. Walio wakubwa wa nchi siku zile walisoma kwamba mganga mashuhuri wa ziwa alikuwa mtoto wa mnada.

Lipo na swali jingine, ambalo vijana wa leo huliuliza, wala si vema tulikimbie. Husema: mapadre walipotoa fedha kumnunua mtoto, je, hawakumtajirisha mfanya biashara ili akateke mwingine? Wamisionari wenyewe walijiuliza hivyo zamani zile, na wako waliolipinga jambo hilo. Neno hilo ni la kweli kwa upande mmoja. Lakini walinzi wa nchi hawakuwapo, na mtoto alikuwapo, amesimama mbele yao na kamba shingoni. Tena husema: mtu aliyenunuliwa na misioni, akasomeshwa na misioni, akatumwa na misioni, je, alikuwa huru kweli? Mimi sina jibu la vitabuni. Najua tu kwamba Adriano alipofika Karema hakufungwa na mtu. Alikuwa na uganga ambao sultani yeyote au kampuni yoyote ya pwani ingaliulipa vizuri. Njia ya Zanzibar ilikuwa wazi baada ya vita vya Abushiri, na baadaye reli ikafika Kigoma mwaka 1914. Miaka 67 ni siku nyingi za kuamka kila asubuhi na kuamua tena kubaki.

Alikufa Karema mwaka 1956, akiwa na umri wa miaka tisini hivi, akazikwa huko huko, mbali na mto Niger. Alikuwa amekwisha kuona vikarieti ikifanywa Jimbo la Karema mwaka 1953. Hakuwahi kumwona Askofu Mwafrika wa jimbo hilo, Mhashamu Charles Msakila, aliyeshika kazi mwaka 1958, wala hakuuona Uhuru wa mwaka 1961. Mwaka 1969 jimbo likaitwa Sumbawanga, na makao yakawa huku juu. Na mwaka 2000, Jimbo la Mpanda lilipozaliwa, Karema yenyewe ikawa upande wa ndugu zetu hao. Kwa hiyo sisi wa Sumbawanga tukienda leo kuiona nyumba ya kwanza tunakwenda kama wageni, tunabisha hodi.

Jina lake lakini limepanda mlima. Hospitali ya jimbo mjini Sumbawanga inaitwa kwa jina lake, na wagonjwa walioko mlangoni kila asubuhi hulitamka bila kujua ni la mtu gani. Wengine hudhani ni jina la Mzungu, nimewasikia kwa masikio yangu. Na kule Dar es Salaam, kando ya bandari, ipo nyumba ya Mapadre Weupe, mojawapo ya majengo ya kale kabisa ya mji ule, iliyojengwa siku za Sultani Majid katika miaka ya 1860, wakati ule ule alipozaliwa Atiman. Siku hizo hazina ya Zanzibar ilijazwa, pamoja na pembe na karafuu, na ushuru wa watumwa waliopitishwa pwani hiyo. Nyumba hiyo nayo imepewa jina la mtoto wa Tundurma. Mwalimu atakayepeleka wanafunzi wake mjini na awaonyeshe: iko upande wa maji, ina ghorofa, na jina huitwa Atiman House.